Lafudhi, dakika tano na safari ya Los Angeles: jibu kwa mchekeshaji mhamiaji

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 31, kwetu ni Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa nne Minnesota baada ya kushinda bahati nasibu ya green card. Zamu yangu ni ya usiku, nahudumia wazee huku Brooklyn Park, kando ya Minneapolis. Uchekeshaji nimeuanza tangu shule ya msingi, na hapa Watanzania na Wakenya huniita niwe MC kwenye harusi na sherehe za Uhuru, watu wakacheka hadi machozi. Mwaka jana nilianza kupanda majukwaa ya Kiingereza, zile siku ambazo klabu za vichekesho humruhusu yeyote kujaribu. Vichekesho ni vilevile, nimevifasiri tu, lakini ukumbi unanyamaza mpaka nasikia barafu kwenye glasi za watu. Nilikwenda pia kwenye usaili wa tangazo, mhusika ni dereva wa teksi, nikaambiwa nirudie kwa lafudhi ya 'Kiafrika zaidi'. Sasa kuna mtu anayejiita meneja anataka nimlipe dola 1,800 za picha na kuniandikisha, nitafute mwalimu wa kunitoa lafudhi, kisha nihamie Los Angeles. Mke wangu ana wasiwasi, na kaka yangu mkubwa anasema naaibisha ukoo. Je, ni lafudhi inayonizuia? Niache kazi niende? Au nimeshachelewa?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu: kwamba mtu anaweza kuwavunja watu mbavu Jumamosi kwenye harusi, kisha Jumatatu akasimama mbele ya watu arobaini wasiomjua na asipate hata guno. Hofu yako, kama nimeielewa vizuri, ni kwamba kipaji chako kiliishia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na kwamba sauti uliyolelewa nayo ndiyo ushahidi. Nianze na majibu yenyewe ili usisome ukiwa na roho juu: lafudhi si kizuizi chako kikuu, huyo meneja usimlipe hata senti, Los Angeles isubiri, na miaka 31 katika kazi hii bado ni mapema. Sasa nikueleze kwa nini, maana bila kuelewa sababu utamwamini meneja mwingine mwezi ujao.

Tuanze na lafudhi. Hadhira ya klabu haikutaki usikike kama mzaliwa wa Minneapolis. Inataka ikuelewe mara ya kwanza, kwa kuwa kichekesho hakirudiwi. Tatizo la msemaji wa Kiswahili hapa lina sura maalumu. Sisi tumezoea mkazo unaokaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila silabi tunaipa haki yake. Kiingereza huhamisha mkazo kutoka neno hadi neno na humeza silabi zisizo na mkazo, kwa hiyo msikilizaji wake hulitambua neno kwa kufuata mahali mkazo ulipo. Ukiuweka pengine, anahitaji nusu sekunde kulitafuta neno hilo kichwani. Katika mazungumzo ya kawaida nusu sekunde haina madhara, lakini ikiangukia kwenye neno ambalo kicheko chote kinalitegemea, wakati wa kucheka unapita na mtu anabaki akitabasamu kwa adabu.

Dawa yake ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Katika kila kichekesho tafuta neno moja linalobeba kicheko, lisukume liwe la mwisho katika sentensi, jifunze mkazo wake kwa kumsikiliza mzawa, na punguza mwendo kidogo kabla ya kulifikia. Maneno mengine yote yaache na Morogoro yake. Mwalimu wa matamshi anaweza kukufaa kwa vipindi vichache, mkiketi ana kwa ana naye akisikiliza rekodi zako za jukwaani, ikiwa lengo ni kueleweka. Anayekuahidi kuiondoa lafudhi kabisa anakuuzia kitu usichokihitaji, kwa kuwa orodha ya waliofanikiwa wakiwa na lafudhi zao ni ndefu, kuanzia Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyeongoza kipindi cha usiku cha kejeli nchini Marekani kuanzia 2015 hadi 2022, hadi Kumail Nanjiani, mchekeshaji mzaliwa wa Karachi, Pakistan, ambaye nitamrudia baadaye.

Kama lafudhi si kizuizi kikuu, kwa nini basi ukumbi unanyamaza? Kwa sababu sehemu kubwa ya vichekesho vyako vya harusini huwa haisemwi kabisa. Hadhira yako ya nyumbani inakuja nayo. Chukua mfano wa kamati ya harusi. Mbele ya Watanzania unaweza kusema tu, "Mweka hazina wa kamati amezima simu," na meza nzima ikaanguka, kwa kuwa kila aliyeketi pale ameshachangishwa, ameshatumiwa ujumbe wa kukumbushwa ahadi yake, ameshahudhuria kikao kilichoanza saa mbili baada ya muda uliotangazwa, na anajua simu ya mweka hazina ikizimwa wiki ya harusi maana yake nini. Ifasiri sentensi hiyo kwa Kiingereza kilichonyooka uipeleke Minneapolis, na wanachosikia ni kwamba mtu fulani ameishiwa chaji. Hawajui kwamba kwetu harusi ina kamati, wala kwamba kamati inashika fedha za watu.

Kwa hiyo unachopaswa kufanya ni kukijenga upya kichekesho, ule ujuzi uliokuwa kwa hadhira uuingize ndani ya maneno yako, na kwa haraka, bila kutoa mhadhara. Jaribu hivi: "Kwetu harusi ina kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kabla ya harusi yangu ilikaa vikao kumi na viwili. Mke wangu hakualikwa hata kimoja." Ona kilichotokea. Sentensi mbili za kwanza zinampa Mmarekani taarifa, na taarifa yenyewe inamshangaza, hivyo anaendelea kusikiliza. Ya tatu inaongeza uzito. Ya nne inagusa kitu anachokijua vizuri sana, yaani mwanamke anayeachwa nje ya mambo yake mwenyewe, na hapo anacheka bila kuhitaji kufika Tanzania. Mtanzania aliyeketi nyuma naye atacheka, pengine zaidi. Kila kichekesho chako cha harusini kina uti wa namna hiyo ndani yake, yaani ubahili, woga, kiburi, au wakwe. Utafute uti huo, kisha uamue msikilizaji mgeni anahitaji kujua mambo gani mawili tu ili aufikie. Vile ambavyo vinahitaji mambo sita, vibakize kwa ajili ya harusi. Havina kosa lolote, vina makazi yake.

Kuna jambo lingine ambalo sidhani kama umelifikiria. Wewe na mimi tumelelewa na vichekesho vya maigizo. Marehemu Mzee Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, hakusimama na kipaza sauti kusimulia maisha yake. Alikuwa mhusika, mwenye uso, mwendo, tamaa na hila zake, na kicheko kilitoka kwenye kugongana kwake na wahusika wengine. Kundi la Ze Comedy, lililokuja kujulikana kama Orijino Komedi, lilifanya vivyo hivyo: Joti akivaa gauni anakuwa mtu mwingine kabisa. Mchekeshaji wa klabu ya Kimarekani anatakiwa kinyume chake, asimame peke yake, asivae chochote cha kuchekesha, na aonekane anasema mambo yake mwenyewe. Huenda, basi, sehemu ya ukimya unaoupata inatokana na kumpeleka mhusika wa igizo mahali wanapotarajia mtu binafsi. Haina maana umfukuze mhusika huyo. Maana yake ni kwamba unazo fani mbili, na ya pili, ya maigizo na ubunifu wa papo kwa papo jukwaani, ina nyumba yake hapohapo mjini kwako. Brave New Workshop ya Minneapolis imekuwa ikifanya tamthilia za kejeli tangu 1958, na Mixed Blood, ukumbi ulioanzishwa 1976 katika jengo la zamani la zimamoto mtaa wa Cedar-Riverside, uko katikati ya makazi ya Wasomali. Ningekuwa wewe ningejifunza fani zote mbili kwa mwaka mmoja kabla sijaamua ipi ni kazi na ipi ni msaada wa kazi.

Kuhusu dakika zako za jukwaani, uko mji mzuri kuliko unavyodhani. Klabu ya vichekesho ya Acme, ambayo mwanzilishi wake naye ni mhamiaji aliyetoka Hong Kong, kwa miaka mingi imeweka usiku wa Jumatatu kwa wanaojaribu, na hadhira yake imezoea kuwasikiliza wachanga. Nenda kila wiki ambayo zamu inakuruhusu. Weka simu mfukoni ikirekodi, na kesho yake usisikilize maneno yako, sikiliza watu: wamecheka wapi, wamekohoa wapi, wamevuta viti wapi. Ile taa ndogo inapowaka nyuma ya ukumbi kukuonya kwamba muda unaisha, maliza na ushuke, hata kama kichekesho kizuri kimebaki, kwa sababu msimamizi wa klabu humsahau aliyechekesha kidogo lakini hamsahau aliyezidisha muda. Na usibadilishe vichekesho kila wiki kwa kuona haya kuvirudia. Dakika tano zilezile, zikirekebishwa neno kwa neno mbele ya kumbi nyingi, ndizo zinazokuwa dakika tano za kweli. Baadaye zinakuwa kumi za kufungua onyesho la mwingine, kisha ishirini na zaidi, na hapo ndipo malipo yanaanza kuvuka fedha ya mafuta ya gari. Njia hiyo huchukua miaka, na haijali mtu amezaliwa wapi.

Sasa tuje kwenye lile la "Kiafrika zaidi", ambalo naona limekuuma kuliko ulivyoandika. Elewa kwanza linatoka wapi. Tangazo huwa na sekunde thelathini au pungufu, na mhusika wako huenda ana sekunde tatu. Aliyeliandika hajapanga kumweleza dereva huyo ni nani. Anataka mtazamaji amtambue papo hapo, na utambuzi wa papo hapo hutegemea picha ambayo tayari iko kichwani mwa mtazamaji, iwe ya kweli au ya uzushi. Anayesimamia usaili anatumwa kutafuta sauti inayofanana na picha hiyo. Kwa kawaida hana nia ya kukudhalilisha. Hata hivyo, matokeo ni yaleyale: unaombwa uigize Mwafrika ambaye hayupo, wewe uliyepo ukisubiri pembeni.

Unazo njia tatu za kujibu, na zote nimeona watu wenye akili wakizitumia. Unaweza kukubali, ukachukua fedha, ukalipa kodi ya nyumba; tangazo moja halimvunjii mtu heshima, ila ukikubali kila mara utajulikana kwa hilo na simu zitakazokuja zitakuwa za hilo. Unaweza kukataa kwa upole, na hiyo ni haki yako, mradi ujue kwamba mwanzoni kukataa kuna gharama. Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea: uliza kwa utulivu, "Ametoka nchi gani, na yuko hapa tangu lini?" Mara nyingi hawana jibu, na hapo unapata nafasi ya kuwapa moja. Sema utamfanya mtu wa Morogoro aliyekaa Marekani miaka minne, kisha umcheze huyo kwa ukamilifu, na uchovu wake wa zamu ya usiku ndani. Baadhi watakubali kwa furaha kwa kuwa umewapunguzia kazi. Wasiokubali umewafahamu mapema.

Hali hiyo inabadilika, ingawa polepole. Mwaka 2020 mwigizaji Hank Azaria, ambaye si Mhindi, alitangaza kuacha kuigiza sauti ya muuza duka wa Kihindi katika katuni maarufu baada ya miongo mitatu, kufuatia malalamiko ya wachekeshaji wenye asili ya Asia Kusini waliokuwa wamedhihakiwa kwa lafudhi hiyo utotoni. Kuanzia 2019 hadi 2024 runinga ya CBS ilionyesha "Bob Hearts Abishola", kuhusu muuguzi Mnigeria mjini Detroit, mwigizaji mkuu akiwa Folake Olowofoyeku, mzaliwa wa Lagos. Inafaa ujue tamthilia hiyo ilivyofika hapo. Gina Yashere, mchekeshaji wa London mwenye wazazi Wanigeria, ambaye kabla ya jukwaa alikuwa fundi wa lifti na ambaye alihamia Marekani akiwa tayari na jina kwao, aliitwa kwanza kama mshauri tu wa mambo ya Kinigeria. Akaishia kuwa mmoja wa waanzilishi wa tamthilia, mwandishi wake na mwigizaji ndani yake. Wahusika walisikika kama watu kwa sababu chumbani alikuwemo mtu aliyewajua.

Wengine watakupa mfano wa Barkhad Abdi ili kukuonyesha kwamba bahati inatosha, kwa hiyo tuutazame vizuri, maana ulitokea hapohapo kwenu. Abdi alizaliwa Mogadishu, akakulia Yemen, akafika Minneapolis akiwa kijana wa miaka 14. Mwaka 2011 ulifanyika usaili wa wazi mtaa wa Cedar-Riverside, wakajitokeza watu zaidi ya 700, na yeye, ambaye hakuwahi kuigiza, akachaguliwa pamoja na rafiki zake kucheza maharamia katika "Captain Phillips", filamu iliyotoka 2013. Aliteuliwa kuwania Oscar na akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, mwaka 2014. Hayo yote ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba iliripotiwa alilipwa dola 65,000 kwa kazi hiyo, na kwamba baada ya kupiga picha alirudi kuuza simu katika duka la kaka yake. Aliendelea kupata filamu, na anastahili heshima, lakini mlango wenyewe ulifunguliwa na mhusika mmoja ambaye Hollywood ilikuwa inamhitaji mwaka huo. Huwezi kupanga maisha kwa kusubiri wamhitaji mwingine wa kwenu.

Na hata ukihitajiwa, uangalie unahitajiwa kwa nini. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Yakov Smirnoff, mchekeshaji mzaliwa wa Odessa, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, aliyefika Marekani 1977 akijua Kiingereza kidogo sana, akafanya kazi za hotelini na useremala, kisha akajenga jina kubwa kwa vichekesho vya kulinganisha maisha ya Kisovieti na ya Kimarekani. Miaka ya 1980 ilikuwa yake: filamu, runinga, uraia mwaka 1986, na mwaka 1988 akachekesha katika chakula cha jioni cha waandishi wa Ikulu mbele ya Rais Reagan. Mwishoni mwa 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na karibu kila kichekesho chake kikapoteza mguu wa kusimamia. Hakufa njaa, alihamia Branson, Missouri, mji wa watalii wa ndani, akaendesha ukumbi wake mwenyewe kuanzia 1993 kwa miaka zaidi ya ishirini, na baadaye akasomea saikolojia. Ni mtu mjanja na mchapakazi. Lakini runinga ya taifa haikumrudia kwa ukubwa uleule, kwa kuwa ilikuwa imemjua kwa jambo moja, na jambo hilo likaisha lenyewe bila yeye kukosea chochote. Vichekesho vyako vya "kwetu Afrika na hapa Marekani" vitakufungulia milango, vitumie. Ila dakika tano za pili unazoziandika zihusu kitu ambacho ungekichekesha hata kama ungezaliwa Duluth, hukohuko Minnesota: ndoa, usingizi, kaka mkubwa, mzee wa miaka tisini anayekuamuru utengeneze chai saa tisa usiku na kukulalamikia kwamba umeitengeneza saa tisa usiku. Huyo mzee ni hazina yako. Libadilishe jina, jumba, ugonjwa na kila kinachoweza kumtambulisha, kwa kuwa siri za mgonjwa zinalindwa na sheria na kwa adabu, kisha mwandike.

Nanjiani ndiye aliyenionyesha hesabu ya muda kwa uwazi zaidi. Alizaliwa 1978, akaja chuo cha Grinnell, Iowa, akiwa na miaka 18, akahitimu 2001, akahamia Chicago, akawa anafanya kazi ya kompyuta mchana na kupanda majukwaa usiku. Tamthilia ya runinga iliyomfanya ajulikane kwa wengi ilianza 2014. Mwaka 2017 ikatoka "The Big Sick", aliyoiandika na mkewe Emily Gordon kutokana na ugonjwa uliomlaza mkewe mahututi, na wote wawili wakateuliwa kuwania Oscar ya uandishi. Kutoka kuhitimu hadi kujulikana ni miaka kumi na mitatu, na muda mrefu wa hiyo alikuwa na mshahara wa kazi nyingine. Kilichomtoa kwenye foleni ya wahusika wadogo ni kwamba aliandika hadithi ambayo hakuna mwingine angeweza kuigiza nafasi yake.

Kwa hiyo kazi usiiache, na Los Angeles usiende bado. Mwaka 2023, waandishi na waigizaji walipogoma, ilielezwa wazi kwamba mwanachama wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, alihitaji kuingiza kama dola 26,470 kwa mwaka ili apate bima ya afya ya chama, na kwamba ni takriban asilimia 14 tu ya wanachama waliofikia kiwango hicho. Hao ni watu ambao tayari wamo ndani. Kiingilio cha chama pekee kwa miji mikubwa kilikuwa dola 3,000 mwaka huo. Ukifika kule bila dakika ishirini zilizokomaa, bila video nzuri za kazi yako na bila mtu anayekujua, utaanza upya foleni ndefu zaidi, kwa kodi ya nyumba kubwa zaidi. Minneapolis na St. Paul pamoja na vitongoji vyake, kwa upande mwingine, zina makao makuu ya kampuni kubwa kama Target, General Mills na 3M, na kampuni za namna hiyo hutengeneza matangazo na video za mafunzo zinazohitaji sura na sauti za kila aina. Vyuo vya udaktari na uuguzi navyo huwalipa watu waigize wagonjwa ili wanafunzi wajifunze kuhoji. Mtu wa uzoefu wako wa kuhudumia wazee angeifanya kazi hiyo vizuri sana. Haina umaarufu, lakini ni uigizaji wa kweli wenye malipo ya saa. Ukishakuwa na dakika ishirini, panda basi uende Chicago wikiendi kabla hujaifikiria California.

Huyo anayejiita meneja nitamsema kwa ufupi. Wakala halali hulipwa wewe ukilipwa, kwa desturi asilimia 10 ya kazi aliyokupatia, na meneja vilevile huchukua asilimia baada ya kazi. Anayetaka fedha kabla ya kazi biashara yake ni wewe. California imetunga sheria maalumu inayokataza kumtoza msanii ada ya awali kwa ahadi ya kumtafutia kazi. Picha za uso unazihitaji, lakini mpiga picha unamchagua na kumlipa mwenyewe. Kama umeshatia saini karatasi yoyote, usibishane naye kwenye simu; ichukue uipeleke kwa mwanasheria. Springboard for the Arts, iliyoko St. Paul, huwasaidia wasanii wa Minnesota kwa ushauri wa kazi, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Upande wa hati, green card yako inakuruhusu kufanya kazi yoyote halali, jukwaani au kwenye kamera, na hapo umewapita wengi. Ila kila malipo ya u-MC na vichekesho yaandike, hata ya bahasha, kwa sababu mapato halisi ya kujiajiri yakifika dola 400 kwa mwaka unatakiwa kuyatolea taarifa ya kodi, na ukiomba uraia utaulizwa kuhusu kodi. Wenzako wanaosoma barua hii wakiwa na viza ya mwanafunzi wasiige hesabu zako: kwao kupokea malipo ya jukwaa bila kibali kunaweza kuharibu hadhi yao ya ukaazi, na viza ya wasanii ya O-1 huombwa na mwajiri au wakala kwa ushahidi mzito wa kazi zilizotambuliwa. Waende kwa wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, wasiende kwa rafiki aliyewahi kupitia hali kama yao.

Nimalizie na nyumbani kwako. Mkeo hajapinga kipaji chako. Ana wasiwasi, na mtu wa zamu ya usiku anayeongeza usiku mwingine wa klabu ana cha kumtia mwenzake wasiwasi. Kaeni mpange usiku miwili kwa wiki ambayo si ya zamu, muufanye mmoja kuwa wa jukwaa na mwingine wa nyumbani, na mkubaliane kiasi cha fedha ambacho vichekesho haviruhusiwi kukivuka kwa mwezi. Ukiona usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, au ukimya wa ukumbi unakufuata hadi kazini na kukuondolea hamu ya kula na ya watu, nenda kamwone daktari ana kwa ana na umweleze ratiba yako yote, pamoja na hii ya jukwaa. Kaka yako mkubwa usibishane naye. Mualike Jumatatu moja, mketishe nyuma, na kile cha kamati ya harusi kiwe cha kwanza.